Hita ya kawaida, pampu ya joto au siti za moto: kipi kinakula chaji kidogo kwenye baridi?

Asubuhi yangu ya kwanza ya baridi kali na gari ya umeme siisahau. Nimeingia ndani, kioo cha mbele kimeganda barafu, dashibodi inasema zimebaki kilomita 238, safi kabisa, nikawasha hita nikaweka nyuzi 23 na feni mpaka mwisho, kuangalia tena inasoma 201. Na gari bado imepaki! Haijasogea hata kidogo, kilomita 37 zimeshayeyuka. Nikazima hita, zikarudi. Nikawasha, zikaondoka. Nikabaki pale kama mtoto anayechezea swichi ya taa mpaka shemeji yangu aliyekaa pembeni akauliza, "Shem, tunaondoka au tunahesabu?"

Tuliondoka, na tulifika. Tangu hapo nimepita misimu mitatu ya baridi na hii gari yangu yenye hita ya kawaida, shemeji naye akaja kununua yake yenye pampu ya joto, betri zinakaribiana ukubwa, na huwa tunabadilishana magari kila mmoja akiwa na shida zake. Ndo maana watu wakiniuliza nichukue yenye pampu ya joto au hiyo hela nibaki nayo, jibu langu huwa linaanza na swali ambalo wengi hawalitegemei: kwa siku unakaa dakika ngapi ndani ya gari, na unaliwasha mara ngapi? Sijauliza kilomita, nimeuliza dakika. Nitaeleza kwa nini.

Joto la bure halipo

Kwenye gari ya petroli joto ni la bure, au tuseme ulishalilipia bila kujua. Lita moja ya petroli ina nishati kama ya uniti 9 za umeme, na injini inageuza robo mpaka theluthi hivi kuwa mwendo, iliyobaki inaishia kwenye ekzosi na rejeta. Hita ya gari ya petroli kazi yake ni kuchota tu yale maji ya moto yanayozunguka kwenye injini na kuyapitisha mbele ya feni, ni kuota moto ambao mwenzio ameshauwasha. Mota ya umeme inageuza karibu asilimia 90 ya umeme wake kuwa mwendo, ndo uzuri wake huo, ila hapo hapo ndo inapokuumiza, maana moto wa kuota haupo. Joto lote unalolisikia miguuni limetoka kwenye betri ile ile inayokusukuma.

AAA, chama kikubwa cha wenye magari cha Marekani, mwaka 2019 walipima magari 5 ya umeme kwenye baridi ya kama nyuzi 7 chini ya sifuri wakalinganisha na siku ya nyuzi 24. Bila kuwasha hita umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Walipowasha hita, 41. Magari ya sasa mengi yameboreshwa tangu hapo, lakini ona mgawanyo wenyewe: baridi peke yake ilikula 12, hayo mengine ni sisi na kupenda kwetu kukaa bila koti.

Mota inakula kwa kilomita, hita inakula kwa saa

Hapa ndo penye mzizi wa mambo yote na nashangaa maduka ya magari hawalisemi. Mota ikisimama haili kitu. Hita haijali, uko kwenye foleni, uko mteremko, umepaki unamsubiri mtu atoke saluni, yenyewe inahesabu dakika zake. Chukua hita inayovuta kilowati 3. Ukienda spidi 100 utamaliza kilomita 100 kwa saa moja, hita imekula uniti 3, gari yenyewe imekula kama 18 au 20, huumii sana. Sasa umbali ule ule wa kilomita 100 utembee kwa spidi 30 ya mjini na mataa na foleni, hayo ni masaa matatu na zaidi, hita imeshakula uniti 10. Mwendo wa polepole ambao kwa kawaida ndo unaokuza umbali wa gari ya umeme, kwenye baridi unakugeuka.

Afu kuna gharama ya kuanza. Gari iliyolala nje usiku kucha imeganda kila kitu, viti, dashibodi, vioo, mabati, na hita lazima ipashe vyote hivyo kabla wewe hujasikia raha. Dakika kumi za mwanzo ndo zinakula kuliko zote. Mtu anayewasha gari mara tano kwa siku kwa safari za kilomita tatu tatu, sokoni, shule, kazini, analipa huo mwanzo mara tano. Halafu jioni analalamika betri mbovu.

Hita ya kawaida

Wataalamu wanaiita PTC, ni vibao vya kauri vinavyopata moto umeme ukipita, kanuni ni ile ile ya jiko la umeme la koili. Uzuri wake vile vibao vikishapata moto wa kutosha vyenyewe vinapunguza kuvuta umeme, kwa hiyo si rahisi viungue. Hesabu yake ni nyepesi mno: umeingiza uniti moja, umepata joto la uniti moja, hakuna nyongeza hakuna punguzo. Asubuhi ya baridi inaweza kuvuta kilowati 5 mpaka 6 hivi, ndani kukishapata joto inashuka mpaka 2 au chini ya hapo kutegemea huko nje kukoje.

Watu wanaidharau hii hita na mi naona wanaionea. Kwanza inapata moto haraka sana, kwenye yangu hata sijamaliza mtaa wetu upepo wa moto umeshatoka, wakati gari ya petroli pale ingekuwa bado inapuliza upepo wa friza. Pili haina kompresa, haina gesi, haina mabomba mengi ya kuvuja. Tatu, na hili nitalirudia, kadri baridi inavyozidi yenyewe haibadiliki, nyuzi 5 ni uniti moja kwa uniti moja, nyuzi 25 chini ya sifuri ni uniti moja kwa uniti moja.

Pampu ya joto

Nenda ukaweke mkono nyuma ya friji. Pana joto, si ndiyo? Lile joto limetolewa ndani kwenye maziwa na mboga likatupwa nyuma. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: inachota joto huko nje inaliingiza kwako. Mtu atakwambia nje ni nyuzi sifuri joto gani la kuchota huko, lakini joto haliishii kwenye sifuri, linaishia nyuzi 273 chini ya sifuri, kwa hiyo hata hewa inayokugandisha masikio bado inalo, ni kulikusanya tu. Na kwa kuwa umeme wako unatumika kulihamisha joto na sio kulitengeneza, uniti moja ya umeme inakupa joto la uniti 2 mpaka 3 hali ya hewa ikiwa ni ubaridi wa kawaida, tuseme kuanzia sifuri mpaka nyuzi 10. Pampu nyingi pia zinachota na lile joto dogo la mota na vifaa vya umeme vya gari ambalo lingepotea bure.

Ila ina mwisho wake na hapa ndo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Baridi ikizidi, ile faida inashuka. Ukifika nyuzi 10 chini ya sifuri unaweza kuwa umebaki na moja na nusu kwa moja hivi, ukienda 20 chini pampu nyingi zinakaribia kuwa sawa na hita ya kawaida, na ndo maana magari mengi yenye pampu ya joto yana PTC pia humo ndani, zamu inabadilika kimyakimya we hujui. Halafu unyevu wa nje unaganda kwenye ile rejeta ya mbele ambayo pampu inachotea joto, inabidi isimame kidogo iyeyushe barafu ndo iendelee. Gesi iliyomo nayo inachangia, zile zinazotumia kabonidioksaidi, utaiona imeandikwa R744, zinavumilia baridi kali kuliko zenye gesi za kawaida za kiyoyozi.

Kingine ambacho shemeji alikiona wiki ya kwanza tu: asubuhi pampu peke yake inachelewa. Gari yake ukiwasha inaunguruma mbele kama kuna mtu anasaga nafaka, na hewa inaanza kuja ya vuguvugu, wakati yangu imeshachoma. Ikishakaa sawa hata hivyo, inatulia kwenye kilowati moja hivi na hapo ndo inaniacha mbali.

Tuziweke pamoja

Hii ni hesabu yangu ya kukadiria, nje ni kwenye sifuri, gari imelala nje.

Safari ya kwanza, mjini, kilomita 10, foleni kidogo, dakika 24. Hita ya kawaida inavuta 5 kwa dakika kumi za mwanzo, halafu 2 mpaka unafika, jumla uniti 1.3. Mwendo wenyewe ni kama uniti 1.7. Yaani joto limekula karibu nusu ya umeme wote wa safari! Pampu ya joto ingekula kama uniti 0.7 kwa sababu dakika za mwanzo na yenyewe inahangaika. Umeokoa uniti 0.6.

Safari ya pili, barabara kuu, kilomita 200 kwa masaa mawili. Mwanzo ule ule, halafu kilowati 2 njia nzima, jumla kama uniti 4.5. Mwendo unakula 40. Sasa joto ni moja ya kumi tu. Pampu ingekula kama 2, umeokoa uniti mbili na nusu, ambazo ni kama kilomita 12 za ziada.

Tazama vizuri hizo safari mbili maana zinadanganya. Kwa asilimia, pampu inakufaa zaidi mjini. Lakini mjini nani anaishiwa? Ukirudi nyumbani na asilimia 55 badala ya 60 unachomeka unalala. Unaokoa hela kidogo ya umeme, basi. Ni kwenye safari ndefu ambapo zile kilomita 12 zinaweza kuwa ndo tofauti ya kufika kwenye chaja na kupiga simu uje uvutwe. Kwa hiyo mtu wa mjini mwenye sehemu ya kuchajia kwake anaona faida kubwa kwenye karatasi na hana shida nayo, na mtu wa safari ndefu anaona faida ndogo kwenye karatasi ila anaihitaji kweli.

Siti na usukani

Siti ya moto inavuta wati 50 mpaka 100, usukani wa moto nao hauachani na hapo. Wati, sio kilowati! Ile safari ya dakika 24, siti moja imekula uniti 0.03 wakati hita imekula 1.3. Hata ukiwasha siti zote nne ni kama balbu kadhaa za zamani. Sababu ni rahisi, hita inapasha hewa yote na vioo na paa ili na wewe upate, siti inakupasha wewe mgongo na makalio basi.

Nikiwa peke yangu huwa naweka moto wa siti namba mbili, nawasha na wa usukani, hita naishusha mpaka nyuzi 18, na kwa kweli sioni mateso yoyote. Ila kuzima hita kabisa usijaribu, nilishajaribu. Tulikuwa tunarudi na shemeji, chaji imebaki asilimia 9, kilomita 31 mbele yetu, nikasema tunazima hita tunabaki na siti. Dakika tano vioo vyote vimejaa ukungu kwa ndani, pumzi zetu wawili tu hizo, shemeji anafuta kioo cha mbele kwa mkono wa sweta, akifuta huku kule kunarudi, mimi naendesha nimeinama natazama kwenye katundu ka ukubwa wa sahani. Shemeji akasema, "Shem, washa hita, bora tusukume kuliko kugonga mtu." Akawa amesema kweli. Tukawasha ikielekezwa kioo cha mbele tu, tukapunguza spidi kutoka 100 mpaka 80, na tulifika na asilimia 2. Nimesema mwendo wa polepole unakugeuka, hiyo ni kwa spidi za mjini. Barabara kuu ni tofauti, upepo ndo unaokula kuliko hita, na hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, kwa hiyo kushuka kutoka 100 mpaka 80 kuliokoa kuliko hita ilivyotumia.

Na usisahau, swichi ya kuzungusha hewa ya ndani inapunguza kazi ya hita ila ndo inaleta ukungu. Mi naitumia nikiwa peke yangu, tukiwa watu wengi naizima.

Kitu kinachozipita zote na hakiongezi bei

Pasha gari ikiwa bado imechomekwa. Karibu kila gari ya umeme ya miaka ya karibuni ina sehemu ya kuweka muda wa kuondoka, kwenye programu ya simu au kwenye skrini ya gari. Unaiambia natoka saa moja na nusu asubuhi, yenyewe inaanza kupasha dakika 20 au 30 kabla, kwa umeme wa ukutani. Zile dakika kumi mbaya za mwanzo, zile kilowati 5, hazigusi betri. Barafu kwenye kioo imeyeyuka, siti ya moto, unatoka na chaji kamili.

Kwa hesabu yangu ya mjini hapo juu, ukipasha kabla, hita ya kawaida inashuka kutoka uniti 1.3 mpaka 0.8, unaikaribia pampu bila kuongeza hata shilingi kwenye bei ya gari. Ndo maana nasema mwenye gari ya hita ya kawaida na plagi nyumbani asijione mnyonge kwa mwenye pampu anayelaza gari mtaani bila waya.

Na kuna magari yanapasha na betri hapo hapo, hili ni la maana kuliko watu wanavyodhani. Betri ya lithiamu ikiganda inakuwa nzito, inatoa umeme kwa shida, inakataa kupokea ule umeme ambao mota inaurudisha kwenye betri ukiachia pedeli ya mwendo, na kuichaji kwa nguvu ikiwa chini ya sifuri inaweza kuiharibu, kwa hiyo kompyuta ya gari inabana yenyewe. Ukiona umefika kwenye chaja ya haraka inakuingizia umeme matone matone, mara nyingi chaja haina ubaya wowote, betri yako ina baridi. Pampu ya joto ya kukupasha wewe haimalizi tatizo hilo, angalia kama gari ina kupasha betri kabla ya kuchaji, na kwa msafiri mi ningeitanguliza hiyo kuliko pampu.

Sasa uchukue ipi

Baridi ya kwenu ikiwa inacheza kati ya sifuri na nyuzi 10 na unasafiri mbali, chukua yenye pampu ya joto, lipia usijutie, hapo ndo kwake kabisa. Baridi ikiwa ya kutisha, nyuzi 20 chini wiki nzima nzima, usiilipie sana pampu, tia hela kwenye betri kubwa na siti za moto. Mtu wa mjini mwenye plagi nyumbani, hita ya kawaida inatosha, ukiikuta pampu imo tayari humo vizuri, ukiambiwa uongeze hela uliza mara mbili. Wa mjini asiye na plagi, anayelaza gari nje na kuchaji mara moja kwa wiki, huyu ndo namwonea huruma na huyu pampu inamfaa kuliko watu wanavyomwambia, maana kila asubuhi analipa ule mwanzo kutoka kwenye betri.

Wanunuzi wa mitumba muwe macho zaidi, jina la gari halikwambii lina nini. Nissan Leaf za mwanzo kabisa hazina pampu, ilianza kuonekana kwenye toleo la 2013 na hata hapo sio zote. Renault Zoe ilikuja nayo tangu ilipotoka. Tesla Model 3 za mwanzo ni hita ya kawaida, Model Y ilipoingia 2020 ikaja na pampu na Model 3 ikafuata kwenye toleo la 2021. Volkswagen ID.3 na ID.4 nyingi ilikuwa kitu cha kuongezea hela, kwa hiyo mbili zinazofanana mpaka rangi moja inayo nyingine haina. Muuzaji akisema "ndiyo inayo" usimwamini kwa mdomo, mpe namba ya chasi atoe orodha ya vifaa iliyotoka nayo kiwandani. Wengine wanaona kiyoyozi wanadhani ndo pampu.

Swali la mwisho ambalo lazima mtu aulize, nikikwama kwenye theluji usiku je? Kwenye betri ya uniti 60 iliyobaki nusu una uniti 30. Gari imesimama, hita ikishatulia inavuta kama kilowati moja na nusu, hayo ni masaa 20. Ukizima hita ukabaki na siti mbili na blanketi, hesabu inakuwa ya siku. Na haitoi moshi, ekzosi ikizibwa na theluji kwenye gari ya petroli ndo hatari yenyewe. Shemeji nilipomwambia hivyo hakubishana, alienda akatoa blanketi kwenye gari yangu akaweka kwenye yake.